Kipimo cha Hewa ya Njombe

Kambi ya Polisi, Njombe
9 Januari 1951

Mwalimu Mika,

Kamwene. Huku hatujambo, mvua tu ndiyo inatusumbua. Letisia anakusalimu. Anasema ulipopita mwezi wa kumi na moja ulikataa chakula ukakimbilia lori, na mke wangu si mtu wa kusahau jambo kama hilo.

Nina shida na kichwa chako. Mwezi wa saba kuna mashindano ya shabaha Dar es Salaam, na safari hii polisi wa nyanda za juu tumeruhusiwa kupeleka watu wanne. Mimi ndiye kiongozi wao. Tabu ni kwamba watapiga hadi yadi elfu moja, na hapa uwanja wetu ulikuwa wa yadi mia tatu tu, umbali wa kupiga nguruwe shambani. Sasa wafungwa wamechimba uwanja mpya juu ya kilima, ule ukingo unaotazama bonde la kwa kaka yako Methusela. Shabaha ina urefu wa futi sita, na nyuma yake kuna tuta la udongo lililoizidi shabaha kwa futi moja.

Risasi tulizopewa ni arobaini kwa kila mtu mpaka Julai. Siwezi kuzimaliza kwa kubahatisha. Nataka nikilala chini mara ya kwanza kwenye ile yadi elfu, bunduki iwe imeshapangwa kwa hesabu. Wewe ndiye uliyekuwa unashika karatasi za mizinga vitani kule Bama wakati sisi wengine tunashika matope. Nimemwambia Inspekta kwamba nina mtu. Alicheka kidogo, akasema tutaona huyo profesa wa Kibena. Nimemjibu hesabu itakuja kwa barua moja, bila maswali mengi. Usiniaibishe.

Ndimi mwenzako,
Sajini Laurenti


Shule ya Misheni, Kitandililo
Makambako
16 Januari 1951

Sajini mpendwa,

Salamu kwako, na Letisia, Mama Kornelio, mwambie nimekubali kosa. Nitakula sahani mbili nikija.

Hesabu hii naiweza, ila usiwaahidi watu kwamba sitauliza maswali. Asiyeuliza hana ajifunzalo, ndivyo ninavyowaambia watoto kila siku. Niletee haya: uzito wa risasi na mwendo wake inapotoka mdomoni mwa bunduki (vimo kwenye kile kijitabu cha ghala la silaha), joto la saa nne asubuhi, na kipimo cha hewa.

Hicho cha mwisho ndicho kikubwa, kwa hiyo nakueleza kama ninavyoeleza darasani. Risasi huanza kuanguka mara tu inapotoka. Tunainua mdomo wa bunduki ili ipande kwanza, kisha ishuke palepale tunapotaka. Kinachoipunguza mwendo njiani ni hewa. Pwani hewa ni nzito, risasi huchoka mapema, basi lazima uinue zaidi. Kwetu juu hewa ni nyepesi, risasi haichoki upesi, basi unainua kidogo. Kwa yadi mia tatu hutaona tofauti. Kwa yadi elfu utaiona. Wazungu wenye mashamba huwa na saa ya ukutani inayopima uzito wa hewa kwa inchi. Itafute, usome namba, uniandikie.

Tundu lako la kulengea lina skrubu yenye alama, na kila alama ni dakika moja, ya pembe si ya saa. Dakika moja ni inchi moja kwa yadi mia, kwa hiyo ni inchi kumi kwa yadi elfu. Likariri hilo.

Emilia ni mzito, siku zake zinakaribia. Ukimwona kaka Methusela, mwambie koti alilonipa bado linanitosha.

Wako katika Bwana,
Mika


Kambi ya Polisi, Njombe
24 Januari 1951

Mwalimu,

Nimekariri. Hata askari wangu wamekariri, wanaimba kwenye gwaride.

Namba zako hizi hapa. Risasi ina uzito wa greni 174. Mwendo, futi 2,440 kwa sekunde moja. Joto saa nne ni digrii 64 za Farenhaiti. Hiyo saa ya hewa nimeipata sebuleni kwa Mzungu mmoja mwenye shamba la miwati. Ameisugua ikang'aa, na mpishi wake alinisimamia nisije nikaigusa. Mshale umesimama kwenye inchi 30 na nukta moja. Mimi sijui thelathini ni nyepesi au nzito, hiyo ni kazi yako.

Kaka yako nimemkuta kanisani kwenu Jumapili, nilikuwa napita na baiskeli. Ndiye anayesoma matangazo siku hizi. Nimemwomba kwamba kila tutakapopiga, atangaze Jumapili ya kabla yake, na siku yenyewe tutapandisha bendera nyekundu kilimani, mtu yeyote asivuke bondeni. Kwetu Wakatoliki Padre atatangaza. Methusela alisema jambo hilo ni dogo. Mzee yule akisema mtu asivuke, hata mbuzi havuki.

Fanya haraka, Inspekta ananiuliza kila asubuhi.

Laurenti


Ilembula
12 Februari 1951

Laurenti,

Nakuandikia kwenye benchi nje ya wodi. Emilia ana siku mbili za uchungu na mkunga anasema tumwombee. Lori la barua linaondoka sasa hivi, na nilikuahidi.

Karatasi iko ndani. Yadi mia tatu: dakika sita. Yadi mia sita: dakika kumi na saba. Yadi elfu moja: dakika thelathini na sita. Upepo utauona mwenyewe kwenye bendera.

Namba zako ni nzuri, sina swali.

Mika


Njombe
4 Machi 1951

Ndugu yangu Mika,

Namtuma Konstebo Festo na baiskeli ili barua hii ikufikie kabla ya maneno ya watu.

Kaka yako Methusela amefariki jana, Jumamosi, saa nne na nusu. Risasi ni yangu. Nilipiga moja tu kwa yadi elfu, ikapita juu ya tuta. Hapakuruka vumbi popote, ndipo nikajua. Nilikimbia mpaka ng'ambo ya bonde na mimi ndiye niliyemfikia kwanza. Alikuwa ameshakata roho. Sikumsikia akisema neno.

Tangazo lilisomwa, bendera ilikuwa juu. Kwa nini alikuwa pale sijui.

Ile karatasi yako sikuitumia. Nilipanga tundu kwa mazoea yangu ya Bama, nikaona mimi ni mkubwa kuliko hesabu. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Inspekta. Bunduki nimenyang'anywa, niko mahabusu, na hakimu atakaa tarehe 29.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, sitashangaa.

Laurenti


Kitandililo
14 Machi 1951

Sajini Laurenti,

Tumemzika. Kengele ya kanisa ilipigwa mara hamsini na nne, miaka yake, na mchungaji alisema kwamba katika wazee wote wa usharika hakuna aliyekuwa na mikono safi kama yeye. Shemeji yangu Tabea hakulia. Alikaa mkekani anatazama mlango.

Methusela ndiye aliyenilea baba alipokufa. Alinibeba mgongoni kunivusha mto kwenda shule mpaka nikawa mzito kuliko yeye. Mtoto aliyezaliwa Ilembula tarehe kumi na tatu, akiwa hai kwa huruma ya Mungu, nilimpa jina lake. Sikupata hata nafasi ya kumwambia.

Nilikaa siku mbili usiku kucha na zile namba mke wangu akiumwa, nikakuandikia kila kitu mpaka alama ya mwisho ya skrubu. Ukaiweka mfukoni. Ukaona mazoea yako yanatosha. Nakwambia waziwazi: nakuchukia, na ninaposali Baba Yetu nikifika mahali pa kusamehe nanyamaza.

Nina swali moja. Tangazo lile alilisoma yeye mwenyewe, kwa sauti yake, mbele ya usharika mzima. Alikuwa anatafuta nini kule bondeni? Wewe ulifika kwanza. Sema ulichokiona.

Mwalimu Mika


Njombe
19 Machi 1951

Shemeji Mika,

Hamjambo wewe na mama wa mtoto. Mume wangu hajui kama nakuandikia. Akijua atakasirika, lakini hasira yake naijua, itapita. Kifungo hakipiti.

Barua yako ilisomwa na askari wa zamu kabla hajampa, kwa hiyo kambi nzima inajua ulichoandika. Laurenti aliisoma, akaikunja, akasema umesema haki. Siku mbili hakula. Mimi siwezi kunyamaza tena, hata kama ni Kwaresima na tumeambiwa tuvumilie.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi yako. Itazame pembeni ilipoungua. Siku ile ya msiba alinipa akaniambia niitie motoni. Niliitia, kisha nikaitoa kwa vidole. Utaona kwenye yadi elfu ameweka alama ya penseli, ndivyo anavyofanya akishapanga tundu lake. Shemeji, alitumia karatasi yako. Alifuata dakika thelathini na sita kama ulivyoandika. Hakuzidisha wala hakupunguza.

Nilimwuliza kwa nini anasema uongo unaomfunga. Akasema: Mika amempoteza kaka, ana mtoto mchanga, na misheni ikisikia hesabu yake imeua mtu, hatafundisha tena. Akaniambia ninyamaze.

La pili ni zito zaidi, na nisamehe kwa kulisema. Methusela alikuwa kwenye mianzi. Mkononi alikuwa na kile kisu chembamba cha kukwangulia mwanzi, na pale chini kilikuwapo kibuyu kimejaa nusu. Alikuwa anagema ulanzi. Mzee wa kanisa lenu, na ninyi mnavyokataza pombe. Laurenti alifika peke yake. Alikitia kisu ndani ya soksi, akamwaga kibuyu, akafunika mianzi kwa majani. Alisema wakimkuta hivi watamzika nje ya ua wa kanisa, bila kengele.

Sasa mwendesha mashtaka anasema marehemu alikuwa anapita njia yake kwa haki, na sajini alikuwa mzembe. Wanataka miaka mitatu. Nina watoto wanne. Nimekueleza, na wewe ni mtu mwenye akili.

Mama Kornelio,
Letisia


Kitandililo
Ijumaa Kuu, 23 Machi 1951

Laurenti, ndugu yangu,

Karatasi ninayo. Usimgombeze Letisia.

Nimerudia hesabu mara nne. Sikuhitaji. Kosa ninalijua, nalijua tangu Februari, na hapa nitakuambia jambo ambalo hata Emilia sijamwambia.

Ile inchi 30 na nukta moja ni hewa ya Dar es Salaam. Njombe iko juu zaidi ya futi elfu sita. Hewa yake haiwezi kufika hata ishirini na tano. Yule Mzungu ameirekebisha saa yake ionyeshe kana kwamba nyumba yake iko ufukweni, wengi hufanya hivyo ili walinganishe na habari za mvua. Saa haikuwa na kosa. Kosa ni la mtu aliyejua hayo yote akaitumia namba ile.

Nilipoisoma barua yako nilishtuka. Kalamu niliishika nikaandika, "Sajini, rudi ukasome tena," kisha nikaikata. Nikakumbuka Inspekta alivyocheka. Nikaona nikiuliza mara ya pili, atasema profesa wa Kibena hajui kitu. Halafu nikajiambia: chombo ni cha Mzungu, kimesuguliwa, kimetundikwa ukutani, mimi nani wa kusema kinadanganya? Nikaandika "sina swali". Nilikuwa nalo, Laurenti. Uchungu wa Emilia nilikuwa nao pia, lakini sitaki kujificha nyuma ya mke wangu.

Kwa hewa ya Njombe yadi elfu inataka dakika thelathini. Nilikupa thelathini na sita. Dakika sita kwa yadi elfu ni inchi sitini, yaani futi tano. Ulilenga katikati ya shabaha, futi tatu kutoka chini. Ongeza tano, ni nane. Tuta lina futi saba. Risasi yako ilipita futi moja juu ya udongo kwa sababu ulipiga vizuri. Mpigaji mbaya angemwokoa kaka yangu.

Nimekuandikia kwamba nakuchukia, kwenye barua ambayo kambi nzima imesoma. Tarehe 29 nitasimama mbele ya hakimu na karatasi hii iliyoungua. Misheni wafanye wanavyotaka.

Lakini lile la mianzi, nakuomba, tulizike. Najua kwamba likisemwa litakusaidia, kwa kuwa aliingia mahali alipojua ni marufuku. Najua ninaomba jambo baya. Tabea hana kitu sasa isipokuwa ile heshima. Watu wanamwamkia kwa jina la mumewe. Siwezi kumvua hiyo kwa mkono wangu.

Wako asiyestahili,
Mika


Mahabusu, Njombe
26 Machi 1951

Mika,

Usije. Nakwambia kama sajini, na nakuomba kama rafiki. Hawatanifungua mimi wakufunge wewe, watatufunga wote. Mimi nimeshalala chini Bama miezi kumi na minne, gereza la Njombe halinitishi. Wewe utafanya nini gerezani na hicho kifua chako?

Hesabu uliyonipa niliiamini, na kuamini ni kazi yangu mwenyewe. Ningeweza kupiga kwanza yadi mia sita nikaona inaangukia wapi. Nilitaka kumwonyesha Inspekta risasi moja. Kwa hiyo usijitwike yote.

La mianzi umesema sawa. Kisu nimekitupa chooni. Nilifikiri Tabea atakuja kunitukana hapa dirishani, wajane wengi wangekuja. Hakuja. Letisia alimpelekea unga, akaupokea kwa mikono miwili.

Pasaka njema. Mbusu mtoto.

Laurenti


Bondeni, Njombe
8 Aprili 1951

Kwa shemeji yangu Mika, na kwa Sajini Laurenti ambaye sasa si sajini,

Naandika barua moja kwa ninyi wawili, mkishaisoma Mika ampelekee mwenzake. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Idda binti yangu alitaka kunisaidia, nimemkatalia. Msicheke herufi zangu.

Nimesikia kwamba misheni wamekusimamisha, Mika, na kwamba Laurenti wamemvua kofia ingawa hakimu hakumfunga. Poleni. Mimi pia baraza la wazee limenitenga na meza ya Bwana kwa mwaka mzima, na jina la Methusela wameliacha kwenye kitabu cha wazee. Hilo ndilo nililolitaka. Watu wanashangaa kwa nini nilisimama siku ile, na ninyi nadhani mnashangaa zaidi, kwa hiyo nitawaeleza.

Nilikaa benchi la nyuma kwa hakimu. Nikamsikia Mika anasoma hesabu zake. Nikamsikia Laurenti anakataa, anasema mwalimu amechanganyikiwa kwa msiba. Hakimu akauliza, marehemu alikuwa anafanya nini pale? Mkanyamaza wote wawili. Nikawatazama visogo vyenu. Nikaelewa kwamba mnajua, na kwamba mnanifichia mimi. Wanaume wawili wazima wanakwenda gerezani ili mimi niendelee kuamkiwa sokoni. Nilikasirika sana. Ndipo nikasimama.

Mlichonisikia nikisema ni kweli. Methusela hakuonja ulanzi tangu abatizwe, hata tone. Ulanzi ulikuwa wangu. Nimezaliwa katika nyumba ya wagema, nimenyweshwa kabla sijaota meno. Nilipobatizwa niliacha mengi, hili sikuliweza. Nilipojaribu niliugua, nikatetemeka, nikamtukana mbele ya watoto. Basi akawa ananigemea kwa siri, miaka kumi na tisa. Mwanzi hausubiri, usipoukwangua asubuhi na jioni unakauka, na asubuhi na jioni ndipo watu wanapopita njiani. Alikuwa ananyata kama mwizi kwenye ardhi ya baba yake. Kisha Jumapili anasoma matangazo na mimi nimekaa mbele nimefunga kilemba cheupe.

Nilimwambia hakimu kwamba aliijua bendera, na kwamba alikwenda kwa hiari yake. Kwa neno hilo Laurenti ameachiwa. Lakini neno hilo si kamili.

Jumamosi ile asubuhi alirudi kutoka shambani akasema leo wanapiga, bendera iko juu, tuuache mwanzi ukauke. Mimi nilikuwa sijanywa tangu Alhamisi kwa sababu ya mvua. Nilimwambia aende. Nilimwambia, bendera ikiwa juu hakuna mtu bondeni, leo ndiyo siku ambayo hakuna atakayekuona. Akanitazama, akachukua kisu, akaenda.

Hilo hakimu hakuniuliza, na mimi sikumwambia. Nawaambia ninyi.

Tabea